Programu ya kupima upendeleo wa habari: nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya kitufe kimoja tu

Siitaji kwa jina, maana za aina hii ziko kadhaa na zinaibiana mbinu waziwazi. Kazi yake ni hii: inachukua tukio moja, inakusanya jinsi vyombo mbalimbali vya habari vilivyoliandika, halafu inakupangia taarifa hizo sambamba kwenye kioo cha simu. Kila chombo kimebandikwa rangi. Bluu ni mrengo wa kushoto, kijivu ni wa kati, nyekundu ni wa kulia. Juu kabisa kuna mshale unaokuonyesha wewe mwenyewe umeegemea wapi kutokana na ulichosoma wiki hiyo. Ukiifungua kwa mara ya kwanza inakukaribisha na ahadi iliyoandikwa kwa herufi nene, kwamba kuanzia sasa hakuna chombo kitakachokupangia maoni.

Mimi riziki yangu nimeitafuta kwenye dawati la uhariri, nikiandika vichwa vya habari zilizoandikwa na wengine. Ahadi ya namna hiyo siwezi kuiacha ipite hivihivi. Nikalipia.

Nianze na kinachostahili sifa, nacho ni kitufe cha "Linganisha". Siku kodi ya mafuta ilipopandishwa nilikibonyeza, vikatokea vichwa vitatu: "Serikali yapandisha kodi ya mafuta", "Kodi ya mafuta yapanda", na "Wenye magari kulipia zaidi kuanzia mwezi ujao". Vyote vitatu ni kweli, hakuna wa kumpeleka mahakamani. Lakini cha kwanza kina mtu wa kuulizwa. Cha pili kodi imepanda yenyewe kama jua. Cha tatu kimemtanguliza mwenye gari, na abiria wa basi, ambaye nauli yake nayo itaguswa, hayumo kabisa. Aliyesoma cha kwanza, siku ya kura atakuwa anajua amlaumu nani. Aliyesoma cha pili atabaki na hasira tu, hajui aielekeze wapi.

Na hapa niseme la ndani. Kichwa cha pili mara nyingi hakitokani na njama wala simu kutoka kwa mkubwa. Kinatokana na nafasi. Safu ni nyembamba, neno "Serikali" lina herufi nane, ukurasa unafungwa sasa hivi, na mwandishi wa habari yenyewe ameshazima simu. Nimeziondoa serikali nyingi sana kwenye vichwa vya habari bila kutumwa na mtu yeyote. Njama zipo, sikatai, ila anayezitafuta kila mahali ataikosa sehemu kubwa ya namna habari zinavyopindika. Programu hii inakuonyesha kwamba vichwa vinatofautiana. Kwa nini vinatofautiana haikuambii, inakuachia rangi ukisie mwenyewe. Mtumiaji aliyekwisha kuona nyekundu au bluu hataikumbuka safu nyembamba.

Kitufe kilichonifanya nisikate malipo hadi leo kimefichwa kwenye menyu ya pembeni, na nadhani watengenezaji wenyewe hawajui wana nini mkononi. Kinaitwa "Kumbukumbu ya mabadiliko". Ukikibonyeza kwenye habari yoyote, unaona kila kichwa ambacho habari hiyo iliwahi kuvaa tangu ilipochapishwa, pamoja na saa. Nilifuatilia habari moja ya waziri na zabuni. Asubuhi: "Waziri ahusishwa na zabuni tata". Adhuhuri: "Waziri akanusha kuhusika na zabuni". Jioni: "Hati zaonyesha waziri hana hisa katika kampuni ya zabuni". Anwani ya mtandaoni ni ileile, picha ni ileile, uso uleule wa waziri akifuta jasho. Anayekuja jioni anaona toleo safi na anadhani chombo kimekuwa makini tangu mwanzo. Wa asubuhi ameshasambaza.

Wengi tunasema kwa urahisi kwamba sahihisho likitoka, yamekwisha. Hayajaisha. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Hollyn Johnson na Colleen Seifert, waliwapa watu mfululizo wa taarifa za moto katika ghala. Taarifa ya awali ilisema ndani ya kabati mlikuwa na makopo ya rangi ya mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye ikaja nyingine: kabati lilikuwa tupu. Watu waliikumbuka taarifa ya pili vizuri tu. Lakini walipoulizwa kwa nini moshi ulikuwa mzito na moto mkali, wengi walirudi palepale, kwenye rangi na gesi, vitu ambavyo walishaambiwa havikuwapo. Kilichosaidia kupunguza tatizo ni kuwapa chanzo kingine cha moto, maana kichwa cha binadamu hakipendi pengo. Sasa rudi kwa yule waziri. Kichwa cha jioni kinasema hana hisa, lakini hakisemi kampuni ni ya nani. Pengo limebaki, na aliye karibu nalo zaidi ni waziri. Hapo ndipo sifa ya mtu inapoumia bila sentensi hata moja ya uongo kubaki mtandaoni. Ni programu hii pekee, kati ya nilizozijaribu, iliyoniwezesha kuuona mchakato huo hatua kwa hatua, na kwa hilo nawapa nyota nzima.

Rangi sasa.

Mdogo wangu wa kike na mumewe hawajawahi kupigia kura chama kimoja tangu waoane, na wanaishi vizuri tu. Akaunti yangu inaruhusu watu wa familia, nikawaunganisha. Kabla wiki haijaisha, mdogo wangu kanipigia: "Kaka, hii programu yako imenunuliwa. Kila gazeti linalotusema sisi wamelipaka kijivu, eti ni la kati." Jioni yake mumewe naye: "Shemeji, samahani, lakini naona hawa watu ni wa upande wa mke wangu. Angalia yale magazeti waliyoyaita ya kati." Walikuwa wanazungumzia orodha ileile. Nilicheka, kisha nikawaambia wapigiane wao kwa wao, wako nyumba moja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wao: waliwaonyesha wanafunzi wenye kuunga mkono Waisraeli na wale wenye kuunga mkono Waarabu taarifa zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya raia, wengi wao Wapalestina, ya mwaka 1982 huko Sabra na Shatila, Lebanoni. Kila kundi liliona taarifa hizo zimeegemea upande wa wapinzani wake. Mtengenezaji wa programu anayedhani atatuliza ugomvi huu kwa rangi tatu ameongeza tu kitu cha kugombania. Tena rangi zenyewe hupewa chombo kizima, si habari moja moja. Nimekuta matokeo ya mpira yakiwa na alama nyekundu. Nikaandikia huduma kwa wateja: goli la dakika ya mwisho nalo ni la mrengo wa kulia? Wakanijibu kwa heshima kwamba ukadiriaji unafanywa na wataalamu wakishirikiana na mfumo wa kompyuta. Nikauliza tena kwa maneno mengine, nikapata jibu lilelile, hadi mkato uliokosewa ukiwa palepale.

Na "kati" yenyewe ni wapi? Wao wanaipima kwa ramani ya siasa za nchi zenye vyama viwili vikubwa. Kuna nchi ambazo mgawanyiko mkubwa ni kati ya walio madarakani na walio nje, na habari za kodi au afya hazina kushoto wala kulia. Huko rangi hizi ni pambo.

Arifa nazo niliziacha zikiwa zimewashwa, kwa makusudi, nione. Mfano mmoja unatosha. Usiku inalia: "Kura ya maoni: aongoza kwa pointi 2!" Nikafungua. Mmoja 46, mwingine 44. Nikateremka, nikateremka, nikalipita tangazo, aya ya tisa ndiyo ikanieleza kwamba waliohojiwa ni watu 1,000. Sampuli ya ukubwa huo, hata ikichaguliwa bila dosari, hubeba kosa la takriban asilimia 3 juu au chini kwa kila mgombea. Na unapotafuta tofauti kati ya wawili hao, kosa hukaribia mara mbili ya hapo. Kwa kifupi, hakuna aliyeonyeshwa kuongoza. Habari ya kweli ilikuwa "Wakabana", na nani atabonyeza hiyo? Wakati huohuo aliyetajwa kuongoza ameshapata faida zote za kuongoza: wafadhili wanasogea, mijadala ya televisheni inamtanguliza, na wale wanaopenda kuwa upande wa mshindi wanaanza kumtazama kwa jicho jingine. Programu iliyojinadi kwamba itanikinga na vyombo vya habari imefanya kosa ambalo lingemfanya mhariri wangu wa zamani arushe kalamu. Zimeni arifa. Ziko kwenye "Mipangilio", na usizime zile za "Habari mpya" tu, kuna ya pili inaitwa "Zinazovuma" ambayo huwa inajiwasha tena baada ya kusasisha.

Tatizo langu kubwa na bidhaa hii, hata hivyo, liko mahali ambapo hakuna kitufe.

Programu yote imejengwa juu ya wazo kwamba chombo cha habari kinakushawishi kwa namna kinavyolisema jambo. Ni kweli kwa kiasi, na mfano wa kodi nimeutoa mwenyewe. Ila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha asubuhi cha chumba cha habari anajua kwamba nguvu kubwa iko kwenye swali la kwanza kabisa: leo tunaandika nini? Hapo mambo mia yanaingia mlangoni na kumi yanatoka. Mwaka 1968, wakati wa kampeni za urais Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, ambao hawakuwa wameamua bado. Waliwauliza masuala gani ni muhimu, kisha wakapima vyombo walivyovifuata vimeyapa masuala yapi nafasi kubwa. Orodha mbili zile karibu zilifanana. Waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1972, na tangu hapo wasomi wa habari wamekuwa wakirudia jambo hilo kwa namna nyingi: chombo huenda kisifaulu kukuambia uwaze nini, ila kinafaulu sana kukuambia uwaze kuhusu nini.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu unahusu michezo na misiba kwa pamoja. Thomas Eisensee na David Strömberg walipitia majanga ya asili yapatayo 5,000, ya kuanzia mwaka 1968 hadi 2002, wakaangalia ni yapi yalipata msaada wa serikali ya Marekani. Janga lililotokea wakati wa Michezo ya Olimpiki lilikuwa na nafasi ndogo ya kusaidiwa kuliko linalofanana nalo lililotokea wakati wa kawaida. Hakuna mhariri aliyekaa akasema wale wafe. Taarifa ya habari ina dakika zake, medali zimejaa, mafuriko ya nchi ya mbali yakakosa nafasi, na wanasiasa wasioona mafuriko kwenye runinga hawakuwa na presha ya kutoa fedha. Sasa niambie, mafuriko yale ungeyapaka rangi gani? Programu hii isingeona upendeleo wowote siku hiyo. Vyombo vyote, bluu, kijivu na nyekundu, vilikuwa uwanjani.

Kwa haki yao, wana kipengele kinachokaribia: "Usichokiona", kinachokuorodheshea habari zilizoandikwa na upande mmoja na kurukwa na mwingine. Nakitumia, na kina thamani. Mwaka 2020 David Broockman na Joshua Kalla waliwalipa watazamaji wa kudumu wa Fox News, televisheni ya Marekani yenye mrengo wa kulia, dola 15 kwa saa ili watazame CNN kwa mwezi mmoja, Septemba. Watu hawakuhama vyama. Lakini walijua mambo ambayo hawakuwa wakiyajua, hasa kuhusu korona, na baadhi ya misimamo yao ililegea. Wakaanza hata kukubali kwamba kituo chao huenda kinaficha mabaya ya Rais Donald Trump. Malipo yalipokwisha wengi walirudi walikozoea, na mabadiliko mengi yakafifia. Kwa hiyo kuonyeshwa kilichorukwa kunafanya kazi, mradi uendelee kuonyeshwa. Hii ndiyo hoja bora ya kuilipia programu hii, na ajabu ni kwamba kwenye matangazo yao hawaitaji.

Ila "Usichokiona" kinahitaji angalau chombo kimoja kiwe kimekiona. Barabara ambayo bajeti yake imepita bila mwandishi hata mmoja kuhudhuria kikao cha halmashauri haimo. Na vikao vya namna hiyo vinaongezeka kila mahali ambapo magazeti ya mitaani yamefungwa. Sidai programu itume mwandishi. Nadai isiseme imenipa picha kamili. Maneno hayo, "picha kamili", yako chini ya nembo yao.

Pia haina redio. Haina kabisa, maana mfumo wao unasoma maandishi tu. Kwa bidhaa inayojinadi kupima ushawishi wa vyombo vya habari, hili ni pengo la kutisha, na neno hilo silitumii kwa kupamba. Kituo cha redio cha RTLM kilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993 kikiwa na muziki mzuri na utani, na mwaka 1994 kikawa kinachochea watu kuwaua Watutsi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa kituo hicho, pamoja na mhariri wa gazeti moja, Desemba 2003. Mtafiti David Yanagizawa-Drott alitumia milima kama kipimo: vijiji ambako mawimbi yalizibwa na vijiji ambako yalifika. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2014 alikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji yale ulitokana na matangazo ya kituo hicho. Wengine wamebishana naye kuhusu kiasi, na mabishano hayo yana msingi. Lakini hata ukipunguza nusu, ni chombo kimoja, bila maandishi hata mstari mmoja. Watu wengi bado wanapata siasa yao kwa sikio: redio ya asubuhi, sauti zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, video fupi zisizo na jina la mtu. Mshale wangu wa juu unasema nimesoma kwa uwiano mzuri wiki hii. Haujui nilisikiliza nini nikinyoa ndevu.

Huo mshale nao niuseme, maana unaharibu watu. Shemeji yangu alianza kufungua habari asizozisoma ili mshale urudi katikati. Anabonyeza nyekundu, anateremka haraka, anafunga, anabonyeza bluu. Wamegeuza usomaji kuwa mchezo wa pointi, na mtu anajiona ana uwiano kwa kugusa kioo. Ningekuwa mimi, ningeuondoa kesho.

Mengineyo kwa haraka. Inafunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu. Maandishi yanaweza kukuzwa, jambo la maana kwa macho ya umri wangu. Ukurasa wa "Nani anamiliki" ni mzuri lakini unaishia kwenye kampuni mama. Ukitaka kujua kampuni mama inafanya biashara gani nyingine na serikali, utafute mwenyewe. Muhtasari unaotungwa na mashine juu ya kila habari ukwepeni: mara mbili tatu nimeukuta umeunganisha kauli ya msemaji na ya mpinzani wake ikawa sentensi moja ambayo hakuna aliyeisema. Utafutaji wa habari za zamani ni wa polepole na hauchuji kwa tarehe.

Nani ailipie? Mwalimu wa uraia, ndiyo, kwa "Linganisha" peke yake ana vipindi vya muhula mzima. Mwandishi kijana, ndiyo, kwa "Kumbukumbu ya mabadiliko", na aanze kwa kufuatilia vichwa vya chombo chake mwenyewe. Anayetaka kuambiwa chombo kipi kinasema kweli, hapana, ataishia kubishana na rangi. Toleo la bure lina "Linganisha" lakini kwa vyombo vitatu tu, na mara nyingi vitatu hivyo vimenakili taarifa moja ya shirika la habari, kwa hiyo utaona kufanana ukadhani ni makubaliano.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiamua kujitoa, kitufe kiko kwenye "Akaunti", chini kabisa, baada ya kurasa mbili za kukubembeleza. Pakua kwanza kumbukumbu za vichwa unazozihitaji, kwa sababu malipo yakikoma zinafungwa siku hiyohiyo, na huduma kwa wateja watakujibu kuhusu wataalamu na mfumo wa kompyuta.